Nimnunulie mdogo wangu simu janja ili asikose dozi ya methadoni?

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Niko Muscat, nafanya kazi za ndani. Mdogo wangu wa kiume, miaka 31, anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika kliniki moja huko Dar tangu mwaka juzi. Aliacha unga (heroini), akanawiri, akapata kazi ya saidia fundi. Lakini kwa miezi kama mitatu sasa mama ananiambia anaruka siku, hasa mwisho wa wiki, na Jumatatu anakuwa hoi. Nimesoma kwamba Ulaya na Marekani kuna programu za simu zinazomkumbusha mgonjwa, nyingine zinamrekodi video akimeza dawa, nyingine zinaonesha yuko wapi. Nataka nimtumie simu janja yenye programu hizo niwe namfuatilia kutoka huku. Zinasaidia kweli? Ipi ni nzuri?

JIBU: Pole na majukumu, dada yangu, na hongera kwa kutomkatia tamaa. Simu janja usiinunue kwanza. Simu ina kazi yake katika jambo hili na nitakueleza ni ipi, ila programu nyingi ulizosoma zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye vidonge kabatini ambaye anasahau kuvimeza. Mdogo wako hana dawa nyumbani. Anakwenda dirishani kila siku, anataja namba yake, anapimiwa dawa ya maji, anakunywa mbele ya mtoa dawa, kisha anasemeshwa maneno mawili matatu kabla hajaondoka ili ionekane hakuna kilichobaki mdomoni. Utaratibu huo wa kunywa mbele ya mhudumu ndio uliotumika tangu Muhimbili ilipofungua huduma hii Februari 2011. Na mtu aliyezoea methadoni hasahau kwamba anakunywa methadoni. Akichelewa, mwili wenyewe unamkumbusha kwa miayo, makamasi, vinyweleo kusimama na tumbo kukata. Hiyo ni kengele ambayo hakuna simu inayoifikia.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni kwa nini Jumamosi na Jumapili, wala si Jumatano. Kwa uzoefu wangu wa kukaa upande wa pili wa dirisha lile, siku anazokosa mtu hueleza sababu kuliko maelezo yake mwenyewe.

Tazama jinsi dawa inavyofanya kazi. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Kwa watu wengi huchukua kati ya saa 24 na 36 hivi hadi nusu yake iondoke. Mtu aliyekunywa Ijumaa asubuhi akaruka Jumamosi anaweza kuimaliza siku hiyo bila shida kubwa, akajisifu kuwa "nimeweza". Jumapili ndipo mwili unaanza kudai. Jumatatu yuko hoi, na hapo ama anakimbilia kliniki mapema ama anatafuta kete, yaani kipakiti cha unga, ya kujitulizia. Hali anayoieleza mama inafanana sana na mtu aliyeruka siku mbili mfululizo. Na saidia fundi kwenye saiti nyingi hulipwa Jumamosi. Sijui saiti yake inalipaje, lakini ningeanza kuuliza hapo: je, Jumamosi anakosa dozi kwa sababu akiondoka saiti anapoteza kibarua, au kwa sababu ndiyo siku ambayo pesa ziko mfukoni na marafiki wa zamani wanajua ziko mfukoni? Hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa. La kwanza linatatuliwa kwa kuongea na kliniki kuhusu saa za kunywa dozi mwisho wa wiki, au kuongea na fundi mkuu. La pili linahitaji mshauri nasaha wa kliniki, na wewe uliye mbali unaweza kulisaidia kwa namna nitakayoisema mbele kidogo.

Kuna sababu ya tatu ambayo familia nyingi haziijui, nayo ni dozi isiyotosha. Mtu anaanza kulala vibaya, usiku wa manane jasho linamtoka, anaona "dawa imekuwa maji", anakata tamaa na kuanza kuruka siku. Muulize kama katika miezi hii mitatu ameanza dawa za kifua kikuu. Rifampisini, ambayo imo katika matibabu ya kawaida ya TB, hulifanya ini liisage methadoni haraka kuliko kawaida, na arosto, yaani mateso ya mwili unaodai dawa, inaweza kurudi ndani ya siku chache au wiki moja mbili hata kama mtu hajakosa dozi hata moja. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU zilizotumika sana miaka iliyopita, hufanya hivyohivyo; dolutegraviri haina tatizo hilo. Dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini nazo zimo katika kundi hilo. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 60 hadi 120 kwa siku kuwa ndicho kiwango kinachowashikilia watu wengi. Ukisikia yuko kwenye 40 na kila usiku anatetemeka, usimpe mtu huyo simu. Mpe moyo akaombe kupandishiwa dozi. Anayepandisha ni daktari wa kliniki peke yake. Yeye mwenyewe asijiongezee kwa kununua ya mwenzake mtaani.

Sasa tuje kwenye simu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote kuhusu simu na dawa haukutoka Marekani, ulitoka Kenya, na lugha iliyotumika ilikuwa hii yetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 538 walioanza dawa za VVU katika kliniki tatu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. La pili lilipata ujumbe mfupi mara moja kwa wiki wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwamba "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa na muuguzi, na aliyekaa kimya alipigiwa pia. Mwisho wa mwaka, waliotumiwa ujumbe na kusema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 wa kundi la kawaida, na waliodhibiti virusi walikuwa 57 dhidi ya 48. Zingatia kwamba ujumbe haukutaja dawa wala kliniki, na haukumwamuru mtu kitu. Uliuliza hali, na nyuma ya swali kulikuwa na mtu wa kupiga simu.

Utafiti mwingine uliofanyika magharibi ya Kenya ulilinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila wiki. Wa kila wiki ulisaidia. Wa kila siku haukuonesha tofauti na kutotuma kabisa. Mimi sishangai. Kinacholia kila siku masikio hukizoea, kama wakazi wa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, walivyozoea ndege. Lakini nisikupambie habari: timu ileile ya "Mambo?" ilijaribu tena Kibera kwa watu waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza huduma, kuona kama ujumbe ungewazuia kupotea, na safari hiyo hawakuona tofauti. Na tafiti zote hizi ni za VVU. Mraibu wa unga ana mambo yake: laini inabadilika mara kwa mara, simu inaazimwa, inawekwa rehani, inauzwa.

Hilo la kuuzwa nalisema waziwazi kwa sababu unataka kutuma simu janja. Mtu anayeyumba, aliyeanza kuruka dozi, ukimpa kitu cha laki tatu unampa pia mtihani wa kila siku. Kama ni lazima awe na simu, kiswaswadu chenye betri ya kukaa siku nne kinatosha kwa kila kitu nitakachopendekeza hapa. Simu janja ije akishatulia, tena iwe zawadi bila masharti ya ufuatiliaji.

Video je? Wazo hilo limetokana na kifua kikuu. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani linakubali mgonjwa wa TB ajirekodi akimeza dawa badala ya kusimamiwa ana kwa ana. Wamarekani wakalijaribu kwa watu wanaotumia buprenofini, ambayo ni dawa nyingine ya uraibu wa unga inayowekwa chini ya ulimi na ambayo kwao mtu hupewa aende nayo nyumbani. Jaribio lilifanyika Seattle na Boston. Waliojirekodi hawakubaki kwenye matibabu zaidi ya wengine, na vipimo vyao vya mkojo havikuwa safi zaidi. Wengi hawakuweza kuendelea kurekodi kila siku. Kwa mdogo wako video haina kazi hata kidogo, maana anakunywa mbele ya mhudumu tayari. Ungekuwa unalipia bando ili uone jambo ambalo kliniki imekwisha kuliona.

Kulikuwa pia na programu iliyopata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani Desemba 2018, inaandikwa na daktari kama dawa, ikimpa mtumiaji masomo mafupi, maswali na zawadi ndogo akifanya vizuri. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 2023. Nakutajia kisa hicho kwa sababu moja: ukiona tangazo la programu ya "kutibu uraibu", uliza kwanza nani ataiendesha miaka miwili ijayo, na taarifa za mgonjwa zitabaki mikononi mwa nani.

Ila ndani ya programu ile kulikuwa na kitu kimoja chenye ushahidi wa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, ambacho wewe unaweza kukifanya bila programu yoyote: zawadi ndogo, ya haraka, inayofuata tendo lililothibitishwa. Hapa ndipo pesa za simu zinapoingia. Natumaini unamtumia nauli. Ukimtumia ya wiki nzima Jumatatu, umempa mtaji wa kete. Kubalianeni hivi: nauli ya kwenda inakaa kwa mama au kwa bodaboda mmoja mnayemwamini wa pale mtaani, na akishakunywa dozi anapata nauli ya kurudi na kitu kidogo cha chai, siku ileile, kwenye namba yake. Nani athibitishe? Kliniki haiwezi kukupa taarifa zake bila ridhaa yake, na haitakiwi kukupa. Lakini yeye mwenyewe anaweza kumruhusu mwelimishaji rika au mshauri wake akutumie neno moja, "amefika". Aombe yeye, kwa mdomo wake, mbele ya mshauri. Jumamosi na Jumapili weka kiasi kikubwa kidogo kuliko siku nyingine, kwa sababu ndizo siku ngumu. Akikosa, hapati cha siku hiyo, basi. Hakuna kumkata cha jana wala kumsomea risala. Kesho inaanza upya.

Na wewe mwenyewe uwe hiyo "Mambo?" yake. Si kila siku. Ningechagua Alhamisi jioni, wakati Jumamosi bado iko mbele na kuna la kupanga. Muulize tu hali, akijibu "poa" usichimbe. Akijibu shida, au asipojibu hadi Ijumaa usiku, piga. Ukipiga, usianze na "umekunywa?". Anza na kazi, mama, mpira. Atakuambia. Katika ujumbe wa maandishi usiandike methadoni, kliniki wala unga. Simu zinashikwa na watu wengi: mke, mwenzake wa chumba, fundi anayeomba kupiga, na wakati mwingine askari.

Ndiyo maana jibu langu kuhusu programu ya kuonesha yuko wapi ni hapana. Ramani itakuonesha yuko Temeke, tuseme ndiko iliko kliniki. Haitakuonesha kama amekunywa au ameishia kijiweni nje ya geti, na sehemu hizo mbili mara nyingi zinatenganishwa na ukuta. Akigundua umemtegea kimyakimya, ataacha simu nyumbani na utakuwa umepoteza mtu pekee ambaye angempigia siku ya shida. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile zinazolindwa zaidi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo ningekupa jibu hilohilo.

Teknolojia inayookoa watu wengi katika matibabu haya huwezi kuinunua wewe, maana iko upande wa kliniki: kompyuta inayomtambua mteja, pengine kwa alama ya kidole, mashine inayopima dawa kwa usahihi, na orodha inayojitokeza yenyewe jioni ikionesha nani hakufika leo, nani hakufika tangu juzi. Pale ninapoona orodha hiyo inasomwa kila jioni na kuna mtu wa kupiga simu kesho yake asubuhi, watu hawapotei ovyo. Pale inapochapishwa ikafungiwa kwenye faili, kompyuta ni pambo. Muombe mdogo wako aulize kama namba ya mama na yako zimeandikwa kwenye faili lake, na kama amesaini kuruhusu mpigiwe. Namba za wateja kwenye mafaili huchakaa haraka mno, na muuguzi anayepiga akakuta laini imefungwa hana pa kwenda.

Umesikia pia, nadhani, habari za kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Marekani, korona ilipoingia Machi 2020, serikali iliruhusu waliotulia wapewe hadi za siku 28 na wasiotulia sana hadi 14. Hofu ilikuwa kwamba watu wangekufa kwa methadoni. Sehemu ya vifo vya kuzidisha dawa vilivyohusisha methadoni haikuongezeka, ilipungua, na mwaka 2024 ruhusa ikafanywa ya kudumu. Mimi naunga mkono hatua hiyo kwa mtu aliyetulia. Mdogo wako kwa sasa hajatulia, na kuomba dozi za nyumbani katika hali hii kutamletea jibu la hapana na aibu juu yake. Siku itakayofika, jueni kwamba dozi ya mtu mzima ikinywewa na mtoto huua, hata kikombe kimoja. Nunueni kisanduku cha bati chenye kufuli, ufunguo shingoni mwake. Visanduku vya kielektroniki vinavyofunguka kwa saa maalumu vipo nje, lakini bati na kufuli ya Kariakoo hufanya kazi ile kubwa.

Kitu kingine cha huko nje unachoweza kukisikia ni sindano ya buprenofini inayokaa mwilini wiki moja au mwezi mzima. Marekani iliidhinisha ya mwezi Novemba 2017, na Ulaya ikafuata mwaka 2018. Kwangu mimi hiyo ndiyo teknolojia ya kweli ya kutokosa dozi, kwa sababu inaondoa swali la kila asubuhi. Lakini mtu aliye kwenye methadoni hahamishwi kwenda buprenofini kienyeji. Akiitumia buprenofini mapema, methadoni ikiwa bado imejaa mwilini, anapigwa na arosto kali ya ghafla. Asije mtu akamshawishi kuinunua popote na kujaribu.

Sasa jambo ambalo ningependa ulifikishe kwa mama leo hii, kabla ya hayo mengine yote. Mwili uliokosa methadoni siku kadhaa unapoteza uzoefu wake. Dozi iliyokuwa ya kawaida Ijumaa inaweza kuwa kubwa mno Jumatano. Ndiyo maana akikosa siku moja mbili kliniki kwa kawaida humpa dozi yake, akikosa tatu mfululizo humkagua upya na mara nyingi kuipunguza, na akifikia siku tano au zaidi humwanzisha karibu kama mgeni. Wengi hudanganya dirishani kwa kuogopa kupunguziwa. Mwambieni asidanganye, wala asinywe unga juu ya methadoni "kuziba pengo", wala asichanganye na pombe au valiamu. Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa kati ya watu 1,000 kwa mwaka, wakiwa kwenye methadoni walikufa kama 11. Baada ya kuiacha, 36. Na wiki nne za mwanzo baada ya kuacha ndizo mbaya zaidi. Kwa hiyo hata akivuruga mwezi mzima, kurudi dirishani ni bora kuliko kuona haya.

Mama akimkuta amelala anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi, anaitwa haitikii, na pumzi ni za kuhesabika, asimwache "apumzike" wala asimmwagie maji. Amlaze ubavu, atafute usafiri, na hospitalini aseme wazi: anatumia methadoni, na amekosa siku kadhaa. Huko wana naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa. Akishachomwa atazinduka haraka na pengine atakasirika atake kurudi nyumbani, wasimruhusu. Naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja au mbili, na methadoni bado inakuwa imo.